Mama Lishe wa Pomfret na Mwandishi Maarufu

Mji wetu wa Pomfret umetoa mtu mashuhuri mmoja tu, na hata huyo alituhama siku ile ile alipopata nauli. Anaitwa Thaddeus Rusk. Kama unasoma vitabu, umemsoma. Kama husomi, umemwona, maana sura yake na masharubu yake vilichapwa hadi kwenye makopo ya tumbaku. Sisi wa Pomfret tunamjivunia mno. Alizaliwa maili kumi na mbili kutoka hapa, akaishi kwetu miaka minne, kisha akatangaza mbele ya watu elfu mbili kule New York kwamba katika ukingo wote wa mto Ohio hajaona mji unaochosha kama Pomfret. Mji wenye akili ungekasirika. Sisi tulimwekea kibao stesheni.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya Rusk. Habari zake zimeandikwa na maprofesa watatu, na watatu hao hawakubaliani hata juu ya rangi ya macho yake. Nataka kumweleza Mahala Stubbs, ambaye katika vitabu vya maprofesa hao anatajwa mara moja, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: "mwanamke mmoja aliyempikia." Ni kweli, alimpikia. Ni kama kusema jua ni kitu kimoja kinachokausha nguo.

Mahala alitoka kwenye vilima vya Kentucky, mtoto wa saba katika nyumba yenye vitanda viwili. Aliolewa na Asahel Stubbs, rubani wa meli za mvuke, mwanamume mpole asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku, na ndoa ikaenda vizuri kwa sababu Mahala aliijaza nafasi yote iliyobaki. Masika ya mwaka 1866 tangi la mvuke la meli ya Asahel lilipasuka karibu na Louisville. Mahala akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Orrin, na nyumba yenye jiko kubwa, hatua mia moja kutoka gatini.

Wazee wa kanisa walimjia wakiwa sita kumshauri arudi kwa kaka zake Kentucky. Walimshauri kwa saa mbili, wakamaliza pai mbili za tufaha na sufuria ya kahawa, kisha wakaondoka wakijiona wamemsaidia sana. Na kweli walimsaidia. Mahala alitazama zile sahani zilizolambwa, akatazama gati lilivyojaa wapakuzi, na Jumatatu iliyofuata alikuwa anauza chakula.

Mimi nilifika Pomfret miaka kumi baadaye, kufundisha shule, nikapanga chumba nyumbani kwake. Lakini watu wazima wa gatini walinihadithia kila kitu, na masimulizi yao ni mamoja, kwa hiyo nayaamini. Kambale wa kukaanga, maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi: hayo yalipatikana hata kwingine. Watu walikuja kwa Mahala kusikiliza. Alisimulia amesimama, upawa mkononi, mgongo umegeukia nusu ya wateja. Yeye mwenyewe hakucheka kamwe. Akifika karibu na mwisho wa hadithi alinyamaza, akaenda kugeuza samaki, akaonja chumvi, akafuta mikono, huku wanaume arobaini wameshika uma hewani kama wanaoapishwa. Kisha alitamka sentensi moja tu. Wapo waliopaliwa. Baharia mmoja wa Pittsburgh alianguka na kiti chake, na akarudi kesho yake kuomba kiti kile kile.

Mwaka 1869 akaja Thaddeus Rusk, kijana wa miaka ishirini na miwili, mpanga herufi kwenye gazeti letu. Alipanga herufi polepole na kwa makosa mengi, na mhariri alimvumilia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kazi ile. Mchana alikaa kwa Mahala, kona ya karibu na jiko, kimya kama jani. Mahala ndiye wa kwanza kumgundua.

"We Thad," alimwambia siku moja mbele ya watu, "unaandika nini kwenye mkono wa shati?"

"Anwani ya fundi cherehani, Bi Mahala."

"Fundi gani huyo anayeishi mbali hivyo? Mbona umeshafika kwenye kiwiko?"

Watu wakaangua kicheko, Rusk akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akaligeuza shati na kuanza mkono wa pili.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumbu, na lazima niieleze, maana ndiyo iliyomtajirisha. Mahala alikuwa na nyumbu wa kukokota mkokoteni wa magunia ya unga, akamwita Hakimu, kwa sababu alikuwa mnene, alikaa kutwa nzima bila kusogea, na hakuna aliyejua anafikiri nini. Wakati huo hakimu wa wilaya alikuwa Bwana Barnabas Loomis, naye alifanana na maelezo hayo kwa kila kitu isipokuwa mkia. Siku moja Mahala alivuka mto na nyumbu wake kwa kivuko. Walipofika ng'ambo, nyumbu akakataa kuteremka. Walimvuta, wakamsukuma, wakamwimbia. Kivuko hakiwezi kusubiri, kikarudi Pomfret na nyumbu ndani. Huku nako akagoma. Akaenda na kurudi mara saba siku ile. Habari zikaenea mjini: Hakimu yumo kivukoni, amekataa katakata kushuka. Habari zikamfikia Bibi Loomis, mke wa hakimu, zikiwa zimekwisha kukatika kichwa na miguu. Akaja mbio gatini na koti la mume wake mkononi, analia mbele ya mji mzima: "Barnabas! Teremka urudi nyumbani! Yule mwanamke wa Evansville nimekusamehe!"

Hapo ndipo Mahala alikwenda kugeuza samaki.

Kisha alirudi na kusema: "Nyumbu akateremka. Siku nzima kumbe alikuwa anangoja kusamehewa."

Mwaka 1873 Rusk aliacha kazi gazetini, akapanda meli kwenda mashariki na sanduku la mashati ambayo hayakuwahi kufuliwa. Miaka mitatu baadaye kitabu chake cha kwanza kikatoka. Kilihusu kikongwe mmoja wa ukingo wa mto, Shangazi Sophronia, bwege asiyejua kutamka maneno marefu, anayepika samaki na kumlilia nyumbu wake. Nchi nzima ilicheka. Wakosoaji wa Boston waliandika kwamba hatimaye mto Ohio umepata sauti yake, na kwamba haijulikani kijana huyu anayatoa wapi.

Kitabu kilinifikia majira ya joto, mwaka wangu wa kwanza hapa. Mahala alijua kusoma, ila alisoma kama anayetembea kwenye matope, akaniomba nimsomee. Tulikaa ukumbini, yeye anamenya njegere. Nakiri kosa langu: nilicheka. Nilicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Yeye alimenya njegere.

"Huyu Sophronia ndio nani?" akauliza.

"Nadhani ni mtu wa kutunga tu, mama."

"Ahaa. Anakaa karibu na gati, anakaanga kambale, ana nyumbu anayeitwa Hakimu. Kumbe kutunga ni kazi ngumu hivyo! Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho wa hadithi ya nyumbu. Katika kitabu, Bibi Loomis hayumo. Rusk alimwondoa, nadhani kwa kuogopa mawakili. Nyumbu anaruka kutoka kivukoni na kuzama, na Shangazi Sophronia anapiga magoti gatini akimwombea kwa maneno yaliyokosewa yote, ukurasa mzima.

Mahala aliacha kumenya. "Amemzamisha nyumbu wangu," akasema. "Nyumbu wangu yule, yupo pale nje anakula ua la jirani. Kwa nini amzamishe? Mtoto huyu alikaa kwangu miaka minne, hakujifunza hata mahali pa kusimamisha hadithi!"

"Umekasirika kwa sababu amechukua hadithi zako?"

"Achukue. Nimekasirika kwa sababu ameziharibu."

Watu wa Pomfret nao walikasirika, kila mmoja kwa namna yake. Mchungaji alihubiri juu ya ulimi wa uwongo Jumapili mbili mfululizo. Halmashauri ya mji ilipitisha azimio la kulaani. Kisha magazeti ya Cincinnati yakafika, yakiandika kwamba ni kazi ya kipaji cha ajabu, na kufikia mwezi wa tisa hakuna aliyekumbuka azimio. Hakimu Loomis, aliyekuwa amemtishia Mahala kwa kumpa nyumbu jina lake, sasa alijitambulisha kwa wageni: "Mimi ndiye Hakimu, yule wa kitabuni." Wageni walimtazama, wakakumbuka kwamba wa kitabuni ana miguu minne, wakampa mkono kwa heshima.

Na wageni walikuja! Walishuka melini wamevaa kofia za majani, kitabu kwapani, wakiuliza njia ya kwenda kwa Shangazi Sophronia. Mahala alipata wateja kuliko wakati wowote, na nadhani hakuna kilichomuudhi zaidi. Waliketi mezani wakimtazama mdomoni, wakingoja akosee neno. Nilikuwepo siku alipokuja profesa mmoja wa Boston, na daftari lake, na mke wake.

"Je, anaongea?" profesa aliniuliza mimi, Mahala akiwa amesimama mbele yake na kahawa.

"Jaribu kumuuliza," nikasema.

Akainua sauti kama anayeongea na kiziwi aliye ng'ambo ya mto. "Mama! Tuambie! Nyumbu! Alizama vipi?"

"Kwa maji, bwana," Mahala akamjibu. "Kule Boston mnatumia nini?"

Mke wa profesa alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Profesa aliandika daftarini. Baadaye nilikiona kitabu chake. Ameeleza kwamba mfano halisi wa Sophronia ni mwanamke wa akili fupi ambaye huamini Boston hakuna maji.

Rusk wakati huo alikuwa anapanda tu. Alitoa vitabu vitano katika miaka tisa, na vyote vilitoka kwenye yale mashati. Nilimsomea Mahala vyote, naye alivitambua visa vyake kimoja kimoja: hiki ni Jumanne ya mafuriko, hiki nilikisimulia Orrin alipokuwa na surua. Rusk alizunguka nchi akisimulia majukwaani. Alikwenda Ulaya, akala na watoto wa wafalme. Alioa binti wa mwenye viwanda, akajenga nyumba ya vyumba ishirini na sita juu ya mto Hudson. Kisha mashati yakaisha. Hilo maprofesa hawalisemi, wao wanakiita kipindi hicho "ukomavu." Alikaa kimya miaka sita, akatoa riwaya ya juzuu mbili, kurasa mia tisa, juu ya kaizari wa Roma anayekufa taratibu. Ndicho kitabu pekee cha Rusk ambacho hakikumchekesha mtu hata mmoja, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikusudia hivyo, huwezi kusema alishindwa. Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Akarudi majukwaani kusimulia nyumbu.

Mwezi wa tano mwaka 1899 akaja kusimulia Pomfret, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Mji ulipaka rangi kila kitu kilichosimama. Bendi ilifanya mazoezi wiki tatu, na ilipopiga stesheni hakuna aliyetambua ni wimbo gani. Halmashauri, iliyokuwa na waalikwa wa heshima tisini, ilimsahau Mahala. Nilikwenda kuwakumbusha. Mwenyekiti, Bwana Eustace Pruitt, muuza mbao, alishangaa.

"Bi Stubbs? Mwalimu, hatutaki kumtia aibu mgeni. Unajua mwenyewe alivyo. Anaongea."

Nikampa Mahala tiketi yangu ya pili, tukakaa safu ya kumi na moja, Jumamosi alasiri, joto linafukuta, watu mia nne wanajipepea. Mahala alikuwa na miaka sitini na minne, amevaa gauni lake jeusi la kanisani na kofia iliyopitwa na wakati.

Rusk alitoka. Nywele nyeupe, suti ya kijivu, masharubu yale ya makopo. Alijua kazi yake, siwezi kumnyima hilo. Alijua kutulia, alijua kukohoa. Alisimulia hadithi tatu, ukumbi ukatetemeka. Kisha akaanza ya nyumbu. Nilimtazama Mahala. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na ya Rusk, neno kwa neno, mpaka kivuko kiliporudi mara ya saba. Hapo Rusk akashusha sauti, akanyoosha mkono kuelekea mto.

"Na hapo, mabibi na mabwana, Hakimu akayatazama maji..."

"Hakuyatazama!"

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za sahani. Watu mia nne wakageuka. Bwana Pruitt, safu ya mbele, alifunika uso na kofia.

Rusk alikodoa macho gizani mwa ukumbi. "Nani huyo?"

"Unajua ni nani. Acha kumzamisha mnyama wa watu, Thad. Miaka ishirini na mitatu unamzamisha, hujachoka?"

Halafu Rusk akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyekula na watoto wa wafalme. Alisogea mpaka ukingo wa jukwaa, akakaa chini, miguu inaning'inia.

"Basi Bi Mahala," akasema, "mwambie mwenyewe ateremke."

Mahala akasimama. Alisimulia palepale safu ya kumi na moja, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele yake. Alimleta Bibi Loomis gatini na koti. Loomis na mkewe walikwisha kufa wakati huo, Mungu awarehemu, na wengi mle ukumbini walikuwa hawajawahi kuisikia ile ya Evansville. Alipofika kwenye "nimekusamehe" akanyamaza. Hakukuwa na samaki wa kugeuza, kwa hiyo akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Akaitafuta. Akaipata. Akafuta paji la uso, akaikunja, akairudisha. Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa kungoja. Kisha akasema sentensi yake.

Nimeishi Pomfret muda mrefu. Nimesikia mafuriko mawili na kimbunga kimoja. Sijasikia kelele kama ile. Na pale ukingoni mwa jukwaa Thaddeus Rusk alikuwa amejikunja, mikono tumboni, anacheka kama mpanga herufi wa miaka ishirini na miwili.

Gazeti letu liliandika Jumatatu kwamba mhadhara ulifana sana, "licha ya usumbufu mdogo kutoka kwa mkazi mmoja mwenye umri mkubwa."

Asubuhi ya Jumapili, mji ukiwa kanisani umemwandalia kiti cha mbele, Rusk alikuja jikoni kwetu kwa mlango wa nyuma. Mahala alikuwa anakanda unga. Hakugeuka.

"Kaa pale kwenye kona yako. Umekula?"

"Wamenipa kifungua kinywa cha watu kumi na wanne, Bi Mahala. Kila mmoja alitoa hotuba."

"Yaani hujala."

Akamwekea mkate wa mahindi na maharage. Alikula kama mfungwa. Mimi nilisimama kuondoka, Mahala akaniambia, "Leota, kaa. Huyu akiandika lolote, uwe shahidi."

Rusk alicheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Sina cha kuandika, mama. Zaidi ya miaka kumi sasa. Naamka, nakaa mezani, natazama karatasi. Ile ya kaizari niliandika kwa sababu kaizari hachekeshi, basi hakuna atakayeniuliza mbona sichekeshi."

"Nilisomewa. Alichukua muda mrefu kufa, yule bwana."

"Kurasa mia tisa."

"Ningekuwa mkewe ningemsaidia kwa mto wa kulalia."

Alicheka tena. Mahala akafuta mikono, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Sikuwa nimewahi kumwona akiketi jikoni.

"Thad, nikuulize kitu kimoja tu, halafu yaishe. Kuchukua ulichukua, sina neno. Hadithi siyo sufuria. Ukiondoka nayo, kwangu nayo imebaki. Lakini kwa nini ulinifanya mjinga? Nilikuwa mjinga, mimi? Ulikaa pale ulipokaa sasa hivi miaka minne. Uliwahi kunisikia nikisema kitu cha kijinga?"

Rusk alitazama sahani. "Hapana, mama."

"Sasa?"

"Mhariri wangu alisema watu watanunua kitabu cha kikongwe mjinga. Alisema hawatanunua kitabu ambacho mpishi wa gatini ana akili kuliko wao."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, sawa, bwana."

Mahala alimsogezea mkate. Alikuwa ameumia, niliona, lakini pia kama mtu aliyetua mzigo. "Angalau umesema kweli," akasema. "Kula."

Kisha akamsimulia. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka treni ya saa kumi, akimpa hadithi ambazo hata mimi, niliyeishi kwake miaka ishirini na mitatu, sikuwa nimezisikia: za Kentucky, za Asahel na maneno yake kumi, za wazee sita wa kanisa na pai. Rusk hakuandika hata herufi. Alitoa kalamu mara moja, akaitazama, akairudisha mfukoni. Wakati wa kuaga alimshika Mahala mikono yote miwili.

"Toleo jipya la kitabu linakuja. Nitamtoa nyumbu majini. Na Sophronia nitamrekebisha. Nakuahidi, mama."

"Haya, mwanangu. Usichelewe treni."

Rusk alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, moyo, kule Hudson. Toleo jipya likatoka baada ya mazishi, kingo za dhahabu, jalada la ngozi. Nyumbu bado alizama. Tofauti ni kwamba sasa palikuwa na picha yake akizama. Sijui kama Rusk alisahau, au alisema "sawa, bwana" mara ya pili. Mahala aliitazama picha ile kwa muda, akasema mchoraji hajawahi kuona nyumbu, akanirudishia kitabu.

Mwaka 1904 tulimjengea Rusk sanamu ya shaba mbele ya mahakama. Bwana Pruitt alihutubia kwa dakika hamsini. Chini ya sanamu wamechonga maneno ambayo Rusk alipenda kuyasema majukwaani: "Nilijua kuchekesha kabla sijajua kusoma." Maneno mazuri. Rusk alijua kusoma tangu ana miaka minne. Aliyekuwa akisema hivyo ni Mahala, akieleza habari zake mwenyewe, na siku hiyo alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwa sababu viti vilikuwa vya waalikwa.

Chama cha akina mama wa maktaba kilimwomba aje awaeleze Rusk alipenda kahawa ya namna gani. Mahala akaenda, akawaambia, "Ya moto," kisha akasimulia kwa saa mbili. Wakamwomba arudi. Akarudi kila Alhamisi alasiri kwa mwaka mzima, nami nilikaa pembeni naandika, kwenye daftari, wazi, kwa ruhusa yake, akinisahihisha. "Hapo umekimbia, Leota. Ngoja kwanza. Andika kwamba nimenyamaza." Tulipofika hadithi arobaini na moja nikazinakili kwa mwandiko wangu bora, nikazituma kwa mchapishaji mkubwa wa New York. 

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Nilimsomea Mahala jikoni. Mchapishaji alisema hadithi zina uchangamfu fulani. Alisikitika, hata hivyo, kwamba mwandishi ameathiriwa mno na marehemu Thaddeus Rusk, kiasi cha kumwiga waziwazi, na katika sehemu kadhaa, hasa ile ya nyumbu, kumwibia. Alimshauri Bibi Stubbs atafute sauti yake mwenyewe.

Nililia kwa hasira. Nilipoinua uso nikaona mabega ya Mahala yanatikisika, nikadhani naye analia. Alikuwa anacheka. Miaka thelathini sikuwahi kumwona akicheka, na kumbe hakujua namna yake: hakutoa sauti, alishika meza, machozi yanamchuruzika, akishindwa kuvuta pumzi. Nilimletea maji.

"Mwandikie," akasema alipoweza. "Mwandikie, asante bwana, sauti yangu nimeitafuta, nimeambiwa iko Hudson, imezikwa."

Niliandika hivyo hivyo, nikatuma. Hawakujibu.

Mahala alifariki mwezi wa pili mwaka 1911, nimonia, miaka sabini na sita. Orrin alikuja kutoka Kansas kumzika. Mto ulikuwa umeganda, na wapakuzi wazee kumi na mmoja walimbeba kutoka gatini mpaka makaburini, wakibishana njia nzima ni hadithi gani ilikuwa kali zaidi, na mchungaji akalazimika kuwanyamazisha mara mbili. Gazeti lilimpa mistari mitatu, na jina la Rusk lilikuwa katika mistari miwili.

Daftari ninalo. Ijumaa, hesabu zikiisha mapema, nawasomea wanafunzi hadithi moja, na pale alipotaka ninyamaze nanyamaza. Wananyamaza nao, safu zote, hata wale wa nyuma. Mwaka jana mkaguzi wa elimu alituingilia katikati ya mojawapo, akasimama mlangoni, akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia, ya Mahala Stubbs, wa hapa hapa. Katika ripoti yake aliandika kwamba nidhamu ni nzuri, paa linavuja, na mwalimu anashauriwa kutumia muda wa Ijumaa kuwasomesha watoto waandishi wanaotambulika, kwa mfano Rusk.

Paa wamelitengeneza.